Mgonjwa wa akili ahitaji mhudumu aliyefunzwa, si pingu

Aghalabu mtu anaposhikwa na ugonjwa wa akili kwa ghafla, wa kwanza kumfikia si daktari wa magonjwa hayo. Huwa ni jirani mwenye kamba, askari mwenye pingu, mwalimu wa zamu bwenini, au muuguzi aliye peke yake usiku katika zahanati. Saa chache zinazofuata huweza kuamua iwapo mgonjwa atarudi kwao na heshima yake, au ataumia, au ataumiza wengine. Je, hao wanaomfikia kwanza wamefunzwa nini?

Huduma hii si ngeni nchini mwetu. Hospitali ya Mathari ilianza mwaka wa 1910 ikiwa mahali pa kuwatenga walioitwa wendawazimu, na fikira hiyo ya kutenga ilidumu muda mrefu. Siku hizi sheria imepiga hatua. Mnamo 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka wa 2022 Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilirekebishwa, haki za mgonjwa zikatiliwa mkazo na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Yote hayo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, sheria haimshiki mgonjwa mkono. Anayemshika ni mhudumu. Ikiwa jana aliyejaribu kujiua alipelekwa kituo cha polisi na leo apelekwa hospitali, ni lazima huko hospitalini amkute mtu ajuaye la kufanya.

Ujuzi huo una mambo matatu. La kwanza ni namna ya kumkabili mgonjwa. Azungumze mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, asimsogelee mno wala asimzibie mlango. Asibishane naye juu ya sauti anazozisikia, wala asijifanye kuwa naye anazisikia.

La pili ni kuuchunguza mwili. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, upungufu wa sukari, jeraha la kichwa, au mlevi kuacha pombe ghafla, vyote huweza kumfanya mtu apayuke asiwatambue hata jamaa zake. Anayefungiwa bila kupimwa aweza kufa kwa malaria huku akiitwa mwendawazimu.

La tatu ni kujua mipaka ya nguvu. Kumshika mgonjwa au kumdunga dawa ya kumtuliza ni hatua ya mwisho, nayo ina hatari zake. Anayelazwa kifudifudi na kukandamizwa mgongoni huweza kukosa pumzi, na aliyepewa dawa yafaa kuangaliwa anavyopumua mpaka aamke.

Mambo haya hayafundishiki kwa mihadhara pekee. Kama vile mtu hajui kuogelea kwa kusoma kitabu, ndivyo mwanafunzi wa uuguzi asivyojua kumtuliza mgonjwa aliyefadhaika kwa kunakili ubaoni. Hana budi kuigiza tukio lenyewe darasani, kisha alifanye wadini akiangaliwa na mkongwe wa kazi, na kulirudia kila baada ya muda. Waliowahi kuugua wakapona nao waalikwe kufundisha, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wapo watakaosema kwamba fedha hazipo. Ni kweli madaktari bingwa ni wachache na kuwasomesha huchukua miaka. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwafunza walio wengi. Shirika la Afya Duniani lilitambua hivyo lilipoanzisha mpango wake wa mwaka wa 2008, na mnamo 2010 likatoa mwongozo kwa wahudumu wasio mabingwa. Kinachotakiwa ni kaunti kuyatengea mafunzo haya fungu la kudumu badala ya semina ya siku moja. Tena, muuguzi aliyefunzwa kazi hii aachwe aifanye. Kumhamishia wadi ya wazazi ni kuyapoteza mafunzo yenyewe.

Nanyi wanafunzi mnaoikwepa taaluma hii kwa kuogopa kuchekwa, fikirini tena. Nanyi walimu, msiwafanyie mzaha wanaoichagua. Ugonjwa wa akili haubishi hodi kwa maskini pekee, wala haujali elimu ya mtu. Siku utakapoingia nyumbani mwetu, sote tutatamani anayefika mlangoni awe mtu aliyefunzwa, asiyekuja na kamba mkononi.