Ikulu Ilitoka Wapi?

Wako wasomi wadaio ya kuwa mtoto wa Bariadi asemaye Kisukuma uwanjani mwa shule anakiharibu Kiswahili, na kwamba yafaa akatazwe. Dai hilo ni la watu wasioijua lugha wanayojifanya walinzi wake. Kabla neno ikulu halijawa jina la ofisi ya Rais, Usukuma na Unyamwezi zililitumia kwa makao ya mtemi. Mtemi mwenyewe naye yumo katika kamusi. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, Watanzania walisema ameng'atuka, neno la Kizanaki. Je, Kiswahili kilichafuka kwa kupokea?

Tena Kisukuma kina irabu saba, Kiswahili tano. Mtoto azitofautishaye zote saba ana sikio kali kuliko mwalimu amchekaye. Na mkulima wa Simiyu, aiitaye pamba buluba, husikiliza mashauri ya bwana shamba kwa Kiswahili, kisha huyajadili nyumbani kwa Kisukuma. Hapo ndipo yanapokubaliwa au kutupwa.

Ajabu ni kwamba mtoto huyo huyo akiingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali, hukuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza, na wale walinzi wa Kiswahili hawasikiki.