Usiwapeleke watoto mjini kuangalia ngazi za umeme

Leo naiweka kando misimbo na seva. Likizo inakaribia, na najua kuna mzazi, mjomba au shangazi anayepiga hesabu za kuwapeleka watoto mjini. Nina maoni yangu kuhusu jambo hili, na niliyapata kwa njia ghali. Ghali kwa dada yangu, si kwangu.

Nianze na aibu. Sisi ni watu wa Sigowet, kaunti ya Kericho. Dada yangu ana shamba dogo la chai, na bonasi inapoingia kila Oktoba hutenga kidogo kwa ajili ya watoto. Desemba 2023 alinikabidhi kazi: "Wewe umesoma kompyuta, unaijua Nairobi, tupangie safari. Wafurahi, na wajifunze kitu."

Basi nikafanya wanachofanya watengenezaji programu. Nikafungua jedwali, nikaandika mahali kumi na moja kwa siku mbili, dakika kwa dakika. Saa tatu hapa, saa nne na robo pale. Nilijivunia lile jedwali kama mtu aliyemaliza programu usiku wa manane, ikakubali mara ya kwanza.

Unajua kilichotokea. Foleni ya magari ilikula asubuhi ya kwanza. Mtoto mdogo akatapika kwenye matatu. Kati ya mahali kumi na moja tulifika manne, na kila mahali nilikuwa nikitazama saa na kuwaambia watoto "twende, twende". Jioni, kwa uchovu, tukaingia kwenye jengo moja la maduka, watoto wakapanda ngazi za umeme juu, wakashuka, wakapanda tena. Tuliporudi nyumbani hilo ndilo walilosimulia. Dada akanitazama, akasema polepole: "Mimi nimechuma chai mwaka mzima, wewe umetupeleka kuangalia ngazi."

Nilikosa la kujibu. Nimeifikiria sentensi ile muda mrefu, na naona kosa halikuwa la foleni wala la ngazi. Niliandika programu bila kuwauliza watumiaji. Sikuacha nafasi ya kitu chochote kwenda kombo. Tena nilidhani kujifunza ni kuhesabu mahali ulipofika.

Desemba 2024 aliniamini tena (dada ni dada). Safari hii nilibadilisha mambo matatu.

Kwanza, mji. Kwa nini Nairobi? Kutoka kwetu, Kisumu ni kama saa mbili tu kupitia Sondu na Ahero. Nauli ikiwa ndogo, pesa zinabaki za samaki na mashua. Nyinyi wa Bomet, wa Litein, wa Sotik, fikirieni pia: mji ulio karibu hauna aibu yoyote.

Pili, tulikubaliana mambo matatu tu kwa siku nzima. Makumbusho asubuhi, chakula cha mchana, ziwa jioni. Basi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kila mtoto aliondoka nyumbani na swali lake mwenyewe. Mpwa wangu wa kike, wa gredi ya sita, aliuliza: "Maji ya mto wetu huenda wapi?" Mdogo wake akataka kujua kwa nini Kisumu kuna joto na kwetu tunavaa sweta.

Tazama sasa jinsi safari ilivyoanza kufundisha kabla hatujafika. Kericho mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria liko mita 1,134. Unaposhuka mita 1,000, joto hupanda takriban nyuzi 6. Kijana alivua sweta tulipofika Ahero, akatazama nje akaona mashamba ya mpunga mahali ambapo macho yake yalizoea chai. Sikuhitaji kumweleza mengi. Mwili wake ulishajibu.

Sondu tulisimama darajani. Mto ule hukusanya maji ya milima yetu ya chai na msitu wa Mau. Chini kidogo, sehemu ya maji hupitishwa kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6, huporomoka na kuzungusha mitambo ya umeme. Ni kituo cha Sondu-Miriu, megawati 60, kilichoanza kazi mwaka 2008. Kwa hiyo mvua iliyonyesha juu ya michai ya mama yao inaweza kuwa ndiyo iliyowasha taa ya mtu fulani. Msichana alitupa jani la mchai mtoni, akasema tutalikuta Kisumu. Nikamwambia mto huu unaingia ziwani upande wa Nyakach, si Kisumu mjini. Hakunisikiliza. Jioni nzima alikuwa akilitafuta majini.

Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana samaki, nyoka na boma la Waluo lililojengwa kama la zamani. Tulikaa humo asubuhi yote, bila "twende, twende". Watoto wa Kipsigis wakasimama ndani ya boma la jirani zao, wakaanza kulinganisha: nyumba ya mama iko wapi, ya kijana wa kiume iko wapi, kwetu je? Mabishano mazuri sana, hasa kwetu watu wa mpakani, ambao miaka mingine tumesikia habari za Sondu kwa sababu mbaya.

Mchana, tukila samaki, nikawasimulia habari ya meli ya William Mackinnon. Ilitengenezwa Uskoti, ikaletwa Mombasa vipande vipande, kisha wapagazi wakavibeba kuelekea ziwani kwa sababu reli ilikuwa haijafika. Iliteremshwa majini Kisumu mwaka 1900. Reli yenyewe ilifika Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. "Walijuaje kipande gani kinaingia wapi?" akauliza msichana. Nikamweleza kwamba meli za namna hiyo ziliungwa kwanza kiwandani, kila kipande kikatiwa alama, ndipo zikafunguliwa. Ndugu zangu mnaoandika programu, mnaelewa furaha yangu! Hiyo ndiyo kazi yetu sote: kugawa kitu kikubwa vipande vidogo na kuandika vizuri kila kimoja kinakaa wapi. Sijawahi kumweleza mtu kazi yangu kwa urahisi namna ile.

Kuna atakayesema: lakini Nairobi ndiko kuliko na mambo. Kweli, na sipingi. Mvulana wa Turkana, mifupa iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, ni jambo la kumwonyesha kila mtoto wa Kenya habari zake. Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, yana behewa ambalo simba alimtoa Charles Ryall kule Kima mwaka 1900, na hakuna mtoto atakayesinzia hapo. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ipo tangu 1946. Nendeni! Ila chagueni mawili kwa siku, si kumi na moja. Na mtoto aende na swali.

Ushauri mdogo wa kiufundi kabla sijafunga. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, usitegemee mtandao njiani. Mahali pa KWS, kama Impala Sanctuary kando ya ziwa, hulipiwa kwa eCitizen, kwa hiyo shughulikia hilo mkiwa nyumbani, si getini na watoto wamechoka. Ukipanda mashua Dunga, usiingie kama hakuna jaketi za kuokolea maisha za saizi ya watoto. Halafu mpe mtoto mmoja daftari na kalamu, simu ibaki mfukoni.

Nilipomrudishia dada hesabu, alikuwa ametumia chini ya nusu ya pesa za Nairobi. Hakusema asante, si desturi yake. Lakini juzi nilipofika kwake nilikuta baiskeli ya kijana imefunguliwa yote uani, kila kipande kimefungwa karatasi yenye nambari, na msichana ameketi katikati na daftari lake.

Dada alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Isiporudi kuwa baiskeli," akasema, "utanunua nyingine wewe."

Ilirudi kuwa baiskeli. Breki ya nyuma tu ndiyo bado.

Je, wewe umepanga kuwapeleka wapi? Na watoto wanauliza nini?