Alama ya ini isimfungie mgonjwa mlango

Leo tuache kidogo mambo ya simu na tarakilishi, tuzungumzie hesabu ndogo inayoweza kuchangia kuamua nani aunganishwe kwenye mashine na nani asiunganishwe.

Mashine yenyewe ni ECMO. Huvuta damu mwilini, huitia oksijeni kisha huirudisha, ili moyo au mapafu yaliyoshindwa yapumzike. Ni ghali mno, kwa hiyo madaktari hutaka kujua mapema ni nani ana nafasi ya kupona. Ajabu ni kwamba ini husaidia kutabiri! Moyo ukishindwa, damu hujaa kwenye ini na oksijeni hupungua. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa alama ya ini ikiwa mbaya kabla ya mashine, wanaopona ni wachache zaidi.

Alama maarufu ni MELD, iliyochapishwa mwaka 2000 na watafiti wa Mayo Clinic, Marekani. Hutumia bilirubini, kreatinini na kipimo cha kuganda kwa damu. Lakini dawa za kuzuia damu kuganda huvuruga kipimo hicho cha mwisho, ndipo mwaka 2007 ikaja MELD-XI isiyokitumia:

5.11 × ln(bilirubini) + 11.76 × ln(kreatinini) + 9.44

Kijana yeyote wa Kisauni anayejifunza programu ataiandika kwa dakika tano. Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza.

Kwanza, vizio. Hesabu hii inataka miligramu kwa desilita, lakini maabara nyingi hutoa majibu kwa mikromoli kwa lita. Bilirubini 34 na kreatinini 177 kwa mikromoli ni karibu 2 na 2 kwa miligramu, na alama ni 21. Usipogawanya kwa 17.1 na 88.4 utapata 88! Programu haitalalamika hata kidogo.

Pili, watu. Bilirubini hutokana na chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Selimundu na malaria, ambazo Pwani tunazijua sana, huzivunja. Pampu ya ECMO nayo huweza kuzivunja. Mtu wa Likoni mwenye selimundu anaweza kuwa na macho ya manjano ilhali ini lake halina tatizo. Kreatinini nayo hutoka kwenye misuli, hivyo aliyekonda huonekana ana figo nzuri kuliko alizo nazo. Wanawake waliosubiri kupandikizwa ini Marekani walipunjwa kwa sababu hiyo hiyo: MELD ilianza kutumika huko 2002, marekebisho yakaanza 2023. Miaka 21 kusahihisha kosa!

Sisemi tuzitupe hesabu hizi. Mwaka 2017 ilichapishwa alama ya UVA, iliyotokana na wagonjwa wa nchi za Afrika zikiwemo Tanzania na Uganda, inayotumia vitu kama mapigo ya moyo, pumzi na shinikizo la damu, bila kuhitaji bilirubini wala kreatinini. Hiyo ndiyo njia.

Ombi langu kwa waandishi wa programu wenzangu: kabla alama yoyote haijaingia hospitali ya Changamwe au kwingineko, ipimwe kwanza kwa rekodi za wagonjwa wa hapa. Ioneshe vizio waziwazi, ikatae namba zisizowezekana, na uamuzi ubaki kwa daktari aliye mbele ya mgonjwa.

Nyinyi mwaonaje?