Uzee si Amri ya Kuketi

Ewe msomaji, yako maneno yasemwayo kwa sauti ya huruma, nayo yana sumu ndani yake. Mzee akishika baiskeli yake kuelekea mlimani, vijana hucheka, na watu wazima humwambia, "Babu, siku zako zimepita, keti kivulini upumzike." Nashindana na kauli hiyo. Inamfunga mtu ambaye hakutenda kosa lo lote ila kuishi miaka mingi.

Wenye kauli hiyo hutoa hoja mbili. Husema kwanza kuwa mwili wa mzee hupungua tu, wala hauwezi kuongezeka nguvu. Hoja hii ilijibiwa na Robert Marchand wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1911. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha baiskeli uwanjani kwa muda wa saa moja, akapita kilomita 24. Mwaka 2014, akiwa na miaka 102, katika muda ule ule alikaribia kilomita 27. Je, huko ndiko kupungua? Mtaalamu Véronique Billat, aliyempima kabla na baada ya mazoezi, alikuta kwamba hata uwezo wa mwili wake kutumia hewa ulikuwa umezidi.

Hoja ya pili ni kwamba mtu huyo alizaliwa na kipaji cha pekee. Lakini alipokuwa kijana, kimo chake kilikuwa mita 1.52 tu, na mwalimu wake wa mbio alimvunja moyo. Aliiacha baiskeli miaka mingi, akafanya kazi ya zimamoto na ya kukata magogo, kisha akairudia alipokaribia miaka 70. Leo, katika milima ya Ardèche, iko barabara iliyopewa jina lake, ifikayo mita 911 juu ya usawa wa bahari, naye aliipanda kwa baiskeli akiwa mkongwe. Alifariki mwaka 2021, mwenye miaka 109.

Sisemi kwamba kila mzee akurupuke asubuhi akaukabili mlima. Mlima haudanganywi. Marchand alifanya sehemu kubwa ya mazoezi yake kwa mwendo mwepesi, na sehemu ndogo tu kwa jitihada kali. Mwenye busara humwona daktari kwanza, huanza na kilima kidogo, na akichoka hushuka akaisukuma baiskeli bila aibu. Utu uzima dawa: mzee hujua kugawa nguvu zake, hali kijana huzimaliza zote kabla ya kufika katikati ya mwinuko.

Huenda ukauliza, "Mimi mwanafunzi, jambo hili lanihusu nini?" Lakuhusu sana. Anayezoea kumwambia babu yake kwamba amechelewa, atajiambia vivyo hivyo hesabu zitakapomshinda katika kidato cha pili, na atakapokosa kazi akiwa na miaka 30. Ulimi uliozoea kuwafungia wengine mlango haukosi kumfungia mwenyewe.

Basi ukimkuta mzee akipanda mlima kwa baiskeli, jongea kando, mwamkie kwa adabu, umwache apite. Kivuli kitamngoja. Akitaka kuketi, atachagua mwenyewe saa ya kuketi.