Mwalimu aliyeuliza kuhusu "Russia"

Msomaji, ukimwambia dereva wa tuktuk mjini Kisumu akupeleke "Russia", hatakuuliza pasipoti. Atakushusha langoni mwa Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga.

Hivi majuzi mwalimu wa masomo ya jamii aliliandika neno hilo ubaoni, akawaagiza watoto wa Gredi ya 6 wakaulize nyumbani lilikotoka. Walete majibu ya wazee, si ya kitabu. Mpwa wangu akamwendea nyanyake, aliyekuwa akichambua omena.

"Dani, kwa nini watu husema Russia?"

"Warusi ndio waliosaidia kuijenga."

"Ilifunguliwa lini?"

Nyanya akaweka ungo chini.

Ilikuwa tarehe 25 Oktoba 1969. Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua, miezi isiyotimia minne tangu Tom Mboya auawe Nairobi. Nyoyo zilikuwa bado zinachemka. Kenyatta na Jaramogi wakarushiana maneno makali hadharani, ghasia zikazuka, na walinzi wakafyatulia umati risasi. Nyanya alikuwa na miaka 9. Alikimbia akapoteza kiatu kimoja, na anasema njia nzima alihofia kuchapwa kwa sababu ya kiatu hicho. Dada yangu ameolewa katika boma hilo miaka 14 na hakuwahi kuisikia habari hiyo. Wala mumewe, ambaye ni mtoto wa kuzaa wa huyo mama!

Shemeji alikasirika. Asubuhi akawa shuleni. "Mwalimu, nilimleta mtoto asome, sikumleta afundishwe siasa."

Mwalimu hakubishana. Alimkaribisha aketi nyuma ya darasa.

Majibu ya watoto yaliandikwa ubaoni yote. Mmoja aliambiwa walikufa watu 11, mwingine mia, mwingine aliambiwa, "Nyamaza." Hata hilo la "nyamaza" liliandikwa. Kisha mwalimu akauliza: mbona hesabu hazilingani? Watoto wakajadiliana. Mwishowe akawaeleza kwamba 11 ni hesabu iliyotolewa na serikali, na kwamba wengi mjini hawajaikubali hadi leo. Hakuwaambia wamchukie nani.

Sisi tuliosoma GHC enzi za 8-4-4 tulikariri kwamba reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence. Tukapita mtihani. Hakuna aliyetutuma kwa mzee yeyote. Sisemi tarehe ni bure; mtoto asiyezijua huokota uvumi. Lakini mwalimu huyu amechagua kazi ngumu zaidi, kwani anayemtuma mtoto kuuliza nyumbani hajui atarudi na nini. Nami nakiri, ningekuwa shemeji, ningefika shuleni mapema kumliko.

Jioni ile shemeji alivuta kiti karibu na mamake. Akamwuliza siku hiyo alikimbilia upande gani. Nyanya akaanza kumtajia njia, nyumba kwa nyumba.