Jina Si Mtu

Leo sina habari za simu mpya wala toleo jipya la programu yoyote. Nataka tuongee kuhusu santuri za zamani za muziki wa soul, kwa sababu zimenionyesha kosa ambalo sisi waandishi wa programu hulifanya kila siku.

Ilianza hivi. Nilikuwa na orodha ndefu ya nyimbo za soul za Marekani za miaka ya 1960 na 1970, nikataka kuipanga. Nikaandika programu ndogo yenye sheria rahisi: majina mawili yakikaribiana kwa herufi, huyo ni mtu mmoja. Ilipomaliza kazi, ilikuwa imewaunganisha Johnnie Taylor na Little Johnny Taylor. Anayeujua muziki huu atacheka. Hao ni watu wawili. Little Johnny ndiye aliyetamba na "Part Time Love" mwaka 1963, na Johnnie ndiye wa "Who's Making Love" ya mwaka 1968. Kwa sekunde chache nilikuwa nimempokonya mtu wimbo wake na kumpa mwingine.

Wakati huo huo, programu hiyo ilimwacha Clyde Wilson wa Detroit akiwa watu wanne. Katikati ya miaka ya 1960 Wilson alitoa santuri kwa jina la Steve Mancha. Mwaka 1966 aliimba pamoja na Edwin Starr na J.J. Barnes katika "I'll Love You Forever", lakini santuri ikaandikwa The Holidays. Mwaka 1970 alikuwa sauti ya mbele ya 100 Proof Aged in Soul katika "Somebody's Been Sleeping". Mwaka 1971 ukatoka wimbo "She's Not Just Another Woman" kwa jina la 8th Day. Kumbe mwimbaji ni yule yule! Wakubwa wa studio hawakutaka nyimbo mbili za 100 Proof zishindane sokoni, wakaubandika mmoja jina jingine. Ulipopendwa, ikabidi liundwe kundi la kweli la kubeba jina hilo.

Sasa niambie, ni hesabu gani ya herufi itakayogundua kwamba Steve Mancha na Clyde Wilson ni mtu mmoja? Hakuna. Moja tu ndiyo ingewezekana: mwaka 1968 Stevie Wonder alitoa albamu ya kupiga kinanda cha mdomo kwa jina la Eivets Rednow. Geuza herufi, umempata. Hiyo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataiandikia programu.

Wengine walijificha kwa sababu nzito zaidi. Sam Cooke alikuwa nyota wa nyimbo za injili katika kundi la Soul Stirrers. Alipotaka kujaribu nyimbo za mapenzi, wimbo wake "Lovable" ulitolewa kwa jina la Dale Cook ili waumini wasikasirike. Hakufua dafu, sauti ilimsaliti. James Brown naye, kampuni yake ilipokataa kumrekodia wimbo aliotaka, alikwenda kwa kampuni nyingine huko Miami, na mwaka 1960 ukatoka "(Do the) Mashed Potatoes" kwa jina la Nat Kendrick and the Swans. Kendrick alikuwa mpiga ngoma wake. Hata sauti ya Brown ilifunikwa kwa sauti ya mtu mwingine, maana mkataba ulimbana.

Kuna pia waliopewa majina bila kuulizwa. Kaskazini mwa Uingereza, madijei wa miaka ya 1970 walikuwa wakifunika lebo za santuri adimu na kutaja majina ya uongo, ili madijei wenzao wasijue pa kuzitafuta. Ndivyo wimbo wa Frank Wilson, "Do I Love You (Indeed I Do)", uliorekodiwa mwaka 1965, ulivyochezeshwa Wigan kwa jina la Eddie Foster. Wilson mwenyewe hakuwa na habari.

Najua kuna atakayeniambia: ndugu, siku hizi kuna akili mnemba, ipe sauti ikutambulie mwimbaji. Mimi sikubali haraka hivyo. Kwanza, zile programu zinazotambua wimbo kwa alama za sauti, kama AcoustID, hutambua kwamba rekodi hii ni ile ile. Hazikuambii nani anaimba. Pili, waimbaji hufanana. Sam Cooke alipoondoka Soul Stirrers mwaka 1957, nafasi yake ilichukuliwa na Johnnie Taylor, huyo huyo aliyenisumbua hapo juu, na sauti yake ya miaka hiyo ilishabihiana mno na ya Cooke. Tatu, kumbuka James Brown: utapima vipi sauti iliyofunikwa? Kompyuta itakupa asilimia. Asilimia hiyo ni sababu ya kuanza kutafuta, haijawa ushahidi.

Utauliza, kuna hasara gani? Hasara ni pesa na heshima. Mwaka 2018 Marekani ilipitisha sheria iliyoruhusu rekodi za kabla ya Februari 1972 kulipwa mrabaha zinapochezwa kwenye redio za intaneti. Asilimia 45 ya mrabaha huo humwendea mwimbaji au kundi lililotajwa kwenye rekodi. Soul yote ya miaka ya 1960 imo humo. Sasa kama rekodi inasema 8th Day, na aliyeimba ni Clyde Wilson, nani anaidai hundi? Mkosee mtu kwenye jedwali, na familia yake inakosa haki bila hata kujua ilikosewa wapi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu:

1. Jina lisiwe ufunguo wa jedwali. Mtu awe na namba yake, na majina yawe mengi kadiri alivyoyatumia. Wenye haki za utunzi wamefanya hivi kwa mfumo wa IPI: kila jina lina namba, na majina yote ya mtu yanafungwa kwenye namba moja ya msingi.

2. Jina lililochapishwa kwenye santuri lisifutwe kamwe. MusicBrainz na Discogs huhifadhi jina kama lilivyoandikwa, kisha hulielekeza kwa mwenyewe. Dale Cook ni sehemu ya historia, usimsahihishe.

3. Kuunganisha majina kuwe ni dai lenye ushahidi: mkataba, karatasi za studio, au maneno ya mtu aliyekuwepo. Andika nani alisema na lini. Kisichothibitishwa kiandikwe hivyo na kiachwe.

La tatu ndilo linaloniuma. Kuunganisha majina mawili ni kubonyeza mara moja, lakini kuyatenganisha baada ya mwaka, nyimbo zikiwa zimeshachanganyika, ni kazi ya kulia. Na mashahidi wenyewe ni wazee. Kila mwaka wanapungua, na programu zetu hazitawarudisha. Kama kuna saa moja ya kutumia, ni afadhali kumpigia simu mpiga gitaa mzee kuliko kuongeza herufi moja kwenye sheria yangu ya kulinganisha majina.

Na wewe unayeandika programu ya sacco au ya kliniki hapa kwetu, usidhani haya ni ya wanamuziki wa Detroit tu. Hebu nihesabie, Nairobi ina Mary Wanjiku wangapi? Na kati yao, wangapi wamebadilisha jina baada ya ndoa?

Mimi nimeshaifuta ile sheria yangu. Akina Taylor wawili wametengana, kila mmoja na wimbo wake. Tuonane wiki ijayo.