Dawa za unene: tujipange kununua pamoja

Mfugaji anayemchoma ng'ombe wake sindano ya ivermectin anaijua dawa hiyo kama kinga dhidi ya minyoo. Iliingia sokoni mwaka 1981 kwa ajili ya mifugo. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kuitoa bure kwa binadamu wanaougua usubi, ugonjwa unaopofusha, na tangu hapo vijiji vingi vya Morogoro, Tanga na Ruvuma vimegawiwa vidonge vyake. Dawa ni ile ile, lakini kazi ni nyingine na kipimo ni kingine.

Jambo kama hilo sasa linatokea kwa tatizo la unene wa kupindukia. Semaglutide, dawa ya sindano, iliidhinishwa nchini Marekani Desemba 2017 kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Ilipoonekana kuwa inapunguza mwili, ilijaribiwa upya kwa kipimo kikubwa zaidi, na Juni 2021 ikaidhinishwa kwa ajili ya unene. Katika jaribio lililowahusisha watu 1,961, waliopewa dawa hiyo walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya matajiri wa mjini. Si kweli. Utafiti wa afya ya jamii uliofanyika Tanzania mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Mfanyabiashara anayekaa dukani tangu alfajiri hadi usiku yumo katika hatari hiyo. Unene huzaa kisukari na shinikizo la damu, na familia nyingi zinajua ilivyo kuuza mifugo au mazao ghalani ili kulipia matibabu.

Hoja yetu ni ya kiuchumi. Semaglutide ya unene ilipoingia sokoni Marekani, bei yake ya orodha ilizidi dola 1,300 kwa mwezi. Lakini utafiti wa kitaalamu uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kuwa inaweza kutengenezwa kwa chini ya dola 5 kwa mwezi. Tofauti hiyo kubwa inatokana hasa na hataza, yaani haki ya mgunduzi kuwa peke yake sokoni kwa miaka kadhaa. Ni haki yake, kwani utafiti una gharama. Hata hivyo, haki hiyo ina mwisho. Mwaka 2026 ndio mwaka wa kumalizika kwa hataza kuu ya semaglutide katika nchi za India na China, ambako dawa nyingi tunazozitumia hutengenezwa.

Bei ikishuka huko, haina maana itashuka yenyewe kwetu. Mkulima anaijua hali hii kwenye mbolea. Kila mwagizaji akinunua mzigo mdogo peke yake, bei hupanda. Ndiyo maana mwaka 2017 Tanzania ilianzisha mfumo wa kuagiza mbolea kwa pamoja. Bohari ya Dawa ya Tanzania tayari imepewa jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa kwa nchi za SADC. Tunashauri serikali za ukanda huu ziitumie njia hiyo, na mazungumzo ya bei yaanze sasa.

Katika mipango hiyo, wagonjwa wa kisukari watangulie. Soko la unene lilipochangamka, semaglutide iliadimika Marekani tangu 2022 hadi mapema 2025, na waliopata shida ni pamoja na wale ambao dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili yao. Mwaka 2024 Afrika Kusini ilipungukiwa na kalamu za insulini baada ya Novo Nordisk, watengenezaji wa semaglutide, kuacha kuzipeleka huko wakisema uwezo wa viwanda vyao haukutosha. Mteja mdogo asiye na mkataba imara ndiye huachwa wa kwanza.

Aidha, tusidhani kuwa dawa iliyozoeleka ni salama kwa kila kazi. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Marekani walichanganya dawa mbili za zamani, fenfluramine na phentermine, ili kupunguza unene. Mwaka 1997 fenfluramine iliondolewa sokoni baada ya kubainika kuwa inaharibu vali za moyo. Semaglutide nayo huleta kichefuchefu na kutapika kwa wengi. Vile vile, waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuiacha walikuwa wamerudisha takriban theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Kwa hiyo anayeianza ahesabu gharama ya miaka, si ya mwezi mmoja.

Kwa wafanyabiashara wa dawa tuna neno moja. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa bandia imepenya huko, kwetu itapenya kwa urahisi zaidi. Tena kalamu ambayo haijaanza kutumika hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Mfugaji anajua chanjo iliyopigwa jua ni maji matupu. Asiye na jokofu wala kibali asiziuze, na mnunuzi asikubali kuuziwa bila cheti cha daktari, hata kama bei inavutia.

Dawa hizi hazitaondoa haja ya kula vizuri na kuushughulisha mwili. Lakini kwa mgonjwa anayezihitaji kweli, tofauti kati ya kuzipata na kuzikosa itaamuliwa na jinsi tutakavyonunua. Wizara za afya zisisubiri mgonjwa auze ng'ombe wake ndipo zikumbuke kuwa bei ilishashuka kwingine.